TV ya inchi 65 ya kufunga nje hapa Dodoma: nimeipitisha kiangazi chote, haya ndo maoni yangu

Mbukwenyi wadau. Watu wengi wananiuliza nje wafunge tv ya inchi ngapi, wengine wana grosari, wengine wana baraza tu la nyumbani na wageni wa wikiendi, nimeona bora niandike kuhusu hii yangu ya 65 iliyopo kwenye banda letu la mbuzi choma huku Nkuhungu. Imekula kiangazi chote, upepo wa mwezi wa saba na wa nane umeipitia, na mvua za mwanzo imeziona. Natoa hukumu hapa hapa juu ili mwenye haraka asimalize bando: kama kiti chako cha mwisho kipo mita sita na nusu au chini ya hapo kutoka kwenye kioo, 65 inatosha kabisa, naipa nyota nne. Ile moja niliyokata haihusiani na size, inahusiana na jua, na jua hulishindi kwa kuongeza inchi. Hapo ndo watu wanapoliwa hela.

Iko hivi. Tv nyingi za madukani kwetu mwanga wake unacheza kwenye niti (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye kioo) 250 mpaka 400, na wametengeneza hivyo wakijua unaenda kuiweka sebuleni kwenye pazia. Nje mchana jua likikupiga moja kwa moja ni laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kama laki moja, hata ukikaa kivulini bado unaongelea elfu kumi na zaidi, wakati sebule ya watu wengi haifiki hata elfu moja. Sasa dogo wa dukani anakwambia "bosi, kama ni ya nje chukua 75, nje panataka tv kubwa", na wewe unaona ana hoja. Nusu ana hoja. Niti ni mwanga wa kila kipande cha kioo, kwa hiyo 75 yenye niti 300 na 43 yenye niti 300 zikiwekwa juani zote zinaoshwa vile vile, tofauti utakayoipata ni kujiona mwenyewe kwa ukubwa zaidi kwenye kioo cheusi. Mimi nimeona hiyo kwenye grosari moja (siitaji), jamaa wana dude la 75 linaloangalia magharibi, mechi ya saa kumi jioni watu wanasikiliza mtangazaji tu kama redio, picha inaanza kuonekana jua likizama, na kwetu huku linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, mpira umeshaisha watu wanalipa bili.

Zipo tv zilizotengenezwa kwa nje kweli, mfano Samsung wana The Terrace, ilitoka 2020 kwa inchi 55, 65 na 75, ina mwanga mkali sana na ina IP55, yaani ile tano ya kwanza ni kinga ya vumbi na ya pili ni kinga ya maji ya kurushwa. Ila ile 55 yake ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa karibu dola 3,500. Piga hesabu ya shilingi halafu uniambie ni mbuzi wangapi. Kwa hiyo mimi na wewe tunaongelea tv ya kawaida ya ndani tunayoipeleka nje kwa akili, na hapo ukumbuke kusoma karatasi ya waranti kwa sababu kampuni nyingi zinaandika kabisa kwamba ukiifunga nje au kwenye biashara waranti haihusiki. Muuzaji hatakuambia hilo, atakuambia "miaka miwili bosi".

Sasa size yenyewe. Inchi zinapimwa kona kwa kona, sio upana, na hizo ni za kioo bila fremu. Ya 65 kona kwa kona ni sentimita 165, upana wake kama 144 na kimo 81. Ya 55 upana 122 kimo 68, ya 75 upana 166 kimo 93, ya 43 ni 95 kwa 54. Watu wanaona kutoka 55 kwenda 65 ni inchi kumi tu, nini bwana, lakini eneo la picha linaongezeka kama asilimia 40, na kutoka 55 kwenda 75 unakaribia mara mbili. Kwenye bei ukitoka 55 kwenda 65 unaongeza laki kadhaa, unaumia ila unapumua, ukitoka 65 kwenda 75 unakaribia kununua tv nyingine ndogo pembeni.

Mtandaoni utakuta wanasema kaa umbali wa mara moja na nusu ya hiyo kona kwa kona, kwa 65 inakuja mita mbili na nusu. Hiyo ni ya baba na mama kwenye kochi. Bandani hakuna anayekaa hapo zaidi ya wale vijana wa kuwahi viti, wengine wote wapo nyuma, wapo pembeni, wapo wamesimama karibu na jiko wanasubiri ndafu. Kwa hiyo mimi sikuangalia kiti cha mbele, niliangalia kiti cha mwisho. Nilichukua futi, nikapima kutoka ukutani mpaka meza ya mwisho ya nyuma, ndo nikaenda dukani na namba yangu mfukoni.

Na kipimo changu sio picha kuwa nzuri. Kipimo ni ile kona ya juu kushoto inapoandikwa matokeo na dakika. Mchezaji utamtambua hata kwa mwendo wake, jezi utaijua kwa rangi, ila matokeo na dakika ni maandishi madogo na ndo mteja anachokitafuta anapofika amechelewa. Ukiona watu wa nyuma wanauliza "saa hizi ngapi ngapi?" ujue tv yako ni ndogo kwa hilo eneo. Pale kwetu kuna mzee mmoja wa meza ya nyuma, mtu wa heshima zake, haongei sana, hiyo tv ya zamani ilikuwa 43 na kila dakika kumi alikuwa ananiita "kijana, hiyo ni dakika ya ngapi?", sasa hivi haniiti, anaita nyama tu.

Kwa nilivyoona mimi, chukua hiyo kona kwa kona uizidishe mara nne, hapo ndo kiti cha mwisho kinapoishia. Ya 43 inakupa mita nne na kidogo, 55 inakupa mita tano na nusu, 65 mita sita na nusu, 75 mita saba na nusu. Ukizidi hapo mtu anaona mpira ila hasomi. Haijaandikwa kitabuni hii, nimeipata kwa macho ya wateja wangu, na wengi wao wameshavuka miaka arobaini, kama wako ni wanachuo wa UDOM wenye macho mazima unaweza kunyoosha zaidi.

Dukani nilimwambia dogo aniwekee mechi, sio ile video ya maua na samaki wanayoweka wao, ile hata tv mbovu inapendeza. Akaweka mpira wa yutyubu, nikarudi nyuma hatua kwa hatua, duka likaisha, nikatoka mpaka barazani, nikawa naangalia nikiwa karibu na barabara watu wa bajaji wananishangaa. Fanya hivyo hivyo usione aibu, hela ni yako. Halafu jambo lingine ambalo wengi hawalijui, tv za maonyesho dukani huwa zinawekwa kwenye modi ya duka, mwanga wote umefunguliwa mpaka mwisho. Mwambie aitoe aiweke modi ya nyumbani ndo uangalie. Dogo wangu alikataa mwanzo, akasema haina tofauti, alipoiweka akanyamaza mwenyewe.

Kingine mle mle dukani, nenda ukae pembeni kabisa, karibu na ukuta, uiangalie kwa kukata kona. Kuna vioo ukikaa pembeni nyasi za uwanja zinapauka zinakuwa kijivu, hivyo wanaviita VA, na kuna IPS ambavyo ukikaa pembeni rangi inabaki japo weusi wake sio mweusi sana usiku. Kwa sebule VA sawa, kwa banda ambalo nusu ya watu wanakaa pembeni mimi nachukua IPS bila kufikiri. Wauzaji wengi hawajui ni ipi ni ipi, macho yako ndo yatakuambia. Nikipewa 65 isiyopauka na 75 inayopauka, nabeba 65.

Kwenye kioo na jua ndo nilipotumia muda mrefu kuliko kununua, na kwa Dodoma jambo hili lina utaratibu wake. Sisi tupo kama digrii sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, halafu Oktoba mpaka Februari linapita kusini. Nikafunga tv ukuta wa kaskazini wa banda, kioo kinaangalia kusini. Kiangazi chote kioo kipo kivulini, saa kumi jioni picha unaiona vizuri ukiweka modi ya Dainamiki na ukazima ile ya kubana umeme, kwa sababu ile inajishushia mwanga yenyewe na ukiacha imewashwa utalaumu tv bure. Ila ilipofika Novemba jua likahamia upande wa pili, jioni likawa linaingia kwa ubavu kutoka kusini magharibi linalamba kioo kwa pembeni, na hapo ndo nyota yangu moja ilipokwenda. Nimeshusha turubai upande huo, hali imetulia, ila mechi za mchana kabisa za wikiendi bado sio raha. Huwezi kupata ukuta mzuri mwaka mzima, chagua ule mzuri kwa miezi mingi. Kuangalia magharibi usijaribu, na kuangalia mashariki kunafaa ikiwa nyuma ya tv kuna ukuta mrefu kweli, la sivyo jua la jioni linawapiga wateja machoni.

Urefu wa kufunga nao unaingia kwenye hesabu ya size, hili watu wanalisahau. Nje watu wanasimama, kwa hiyo ukifunga chini kama sebuleni wa nyuma wanaangalia visogo. Yangu kingo ya chini ipo kama mita moja na sabini kutoka sakafuni. Ukiweka 75 kwa urefu huo, kingo ya juu inakwenda mita mbili na sitini na kitu, na mabanda yetu mengi upande wa chini wa bati ni mita mbili na nusu na kidogo tu, sasa utaiweka wapi? Utaishusha, na ukiishusha faida yote ya ukubwa inaliwa na vichwa vya watu. Kwa hiyo kabla hujapenda size pima bati lako. Na iinamishe kidogo mbele, braketi ya kuinamisha sio ghali, kioo kikiangalia chini hakichukui weupe wa mbingu, picha inakolea mpaka unashangaa.

Upepo. Wageni wa hapa, hasa waliohamia na serikali kutoka Dar, hawaujui mpaka ufike mwezi wa saba. Dude la 75 lina karibu mita moja na nusu ya mraba, upepo ukilishika ni kama bati lililolegea msumari mmoja. Yangu 65 ina kilo ishirini na kitu, nilimwambia fundi wa kuchomelea aiweke kwenye fremu ya skwea paipu iliyochimbiwa chini na zege, sio kwenye ukuta wa tofali za kuchoma peke yake. Fundi alilalamika nampa kazi ya kujenga mnara, sawa, mnara umesimama.

Vumbi nalo ni lile lile letu, laini, linaingia hata kwenye friji. Hapa mtu unashawishika kutengeneza boksi la chuma lililofungwa kila upande. Usifanye. Manuali za tv nyingi zinaandika mwisho wa joto la kufanyia kazi ni nyuzi 40, na hewa ya Dodoma yenyewe mchana wa Novemba inafika thelathini na kitu, sasa weka chuma, weka bati juu, weka joto la tv yenyewe, utakuwa umeoka mkate. Boksi langu lina milango ya mbele ya kufunga na kufuli usiku, nyuma lina neti, chini na juu limeachwa wazi kwa upenyo ili hewa ipande. Kufuta natumia kitambaa laini kikavu tv ikiwa imezimwa, ikibidi nakilowesha kitambaa kidogo, maji hayapuliziwi kwenye kioo. Na kama una jiko la kuchoma liweke upande ambao upepo unakwenda, kwetu upepo mwingi unatoka mashariki kwa hiyo jiko lipo magharibi, moshi wa mafuta ukishajipaka kwenye kioo rangi zote zinakuwa za supu.

OLED (zile ambazo kila nukta ya kioo inajiwashia mwanga yenyewe) za nje sahau, hata ukipewa za offer. Jua na joto haviendani nazo kabisa, na ile nembo ya chaneli inayokaa kona moja kutwa nzima inaweza kubaki imechoreka.

Projekta watu wananiuliza sana. Usiku wa UEFA saa nne, giza limeingia, ukuta mweupe, inchi 120, inapiga vizuri sana na bei yake inaweza kuwa chini ya 75. Lakini biashara yangu nusu ni mechi za ligi yetu za jioni, na hapo projekta ni pambo. Kama banda lako ni la usiku tu ifikirie. Kama Simba na Yanga wanacheza saa kumi na moja, huna kitu.

Halafu picha yenyewe, usidanganywe na neno 4K (picha yenye nukta nyingi kuliko HD) kwenye boksi. Ving'amuzi vyetu mpira mwingi vinaleta HD tu, kwa hiyo ukiipandisha kwenye 75 wale wa mbele wanaona nyasi zimepakwa pakwa. Kwenye 65 kutoka mita tatu sijaona tatizo, na nimesogeza meza ya kwanza isiwe karibu zaidi ya hapo. Sauti ya tv nje ni sawa na hakuna, tafuta spika, sitaongea zaidi.

Umeme, soma lebo ya nyuma. Yangu ukiifungua mwanga wote ni kama wati 180, saa sita za wikiendi ni uniti moja na kidogo, haiumi. Weka tv guard, tena nzuri, umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui tv ya inchi ngapi. Kama unatumia inveta ndogo ya sola hapo size inauma kweli, 55 inaweza kukaa na 75 isikae, uliza kabla.

Kwa wenye baraza za nyumbani, huko Ilazo, Kisasa, Iyumbu, nimeona watu wanataka 65 kwa sababu jirani anayo. Baraza la mita tatu na nusu, watu sita, 50 au 55 inakutosha kabisa na hela inayobaki jenga kivuli, ongeza bati la mbele, weka turubai la kushusha. Kivuli kinakupa picha kuliko inchi, nimerudia tena kwa sababu najua hamtanisikia. Na ya nyumbani sio lazima uifunge moja kwa moja, stendi yenye matairi inatosha, unaitoa jioni unairudisha ndani, vumbi haliioni.

Wanaosubiri AFCON 2027, ambayo ni yetu na Kenya na Uganda, ndo wabadilishe, mimi ningeanza na banda sasa hivi na tv baadaye. Tv zinashuka bei kila mwaka, mabati na zege sijawahi kuona vikishuka.

Duka nililonunulia, ni la mjini kati, huduma naipa nyota tatu. Walikuwa na uvumilivu, waliniruhusu nipime nitoke nje nirudi, risiti ya EFD walitoa bila kuombwa mara mbili. Walichonikera ni kusukuma 75 muda wote hata baada ya kuwaambia vipimo vya bati langu, na braketi waliyonipa bure ilikuwa ya ukuta wa ndani, bati jepesi sana, nikaiacha nikatengenezewa ya chuma. Usafiri juu yako. Nilikodi kirikuu, dereva akataka kuilaza chali nyuma ili asiendeshe polepole, nikagoma. Tv kubwa inasafirishwa imesimama, imefungwa kamba, na mtu mmoja ameishika, barabara zetu za ndani za Nkuhungu unazijua. Dereva akisema lazima ilale, mlipe ya kusubiri utafute mwingine.